Mpaka Tufungwe Ndipo Tushambulie

Kila Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, inapomaliza mashindano bila ushindi, lawama ya kwanza huwa ileile: hatuna mshambuliaji. Inasemwa redioni asubuhi, inasemwa vijiweni jioni, na wengine huiongezea jina la namba tisa fulani, yaani mshambuliaji wa kati, ambaye, kwa maoni yao, angeitwa kikosini basi mambo yote yangenyooka. Mimi siafiki lawama hiyo, na kadiri ninavyozirudia mechi zetu ndivyo ninavyozidi kuipinga. Tunao watu wa kufunga. Tunachokosa ni ruhusa ya kuendelea kushambulia baada ya kufunga, kwa sababu timu yetu, chini ya makocha tofauti na katika miaka tofauti, imejijengea tabia ya kushambulia pale tu inapokuwa nyuma.

Takwimu zenyewe zinauma. Tangu mwaka 1980 hadi fainali zilizoanza Morocco mwezi Desemba 2025, Tanzania imeshiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne. Imecheza mechi 13, imetoka sare 5, imepoteza 8, na haijashinda hata moja. Katika mechi hizo tumefunga mabao 9. Mtu akiziangalia namba hizo peke yake atakubaliana na wanaodai kwamba tatizo ni umaliziaji. Lakini atazame mabao hayo yalifungwa lini, na timu ilifanya nini baada ya kuyafunga, ndipo sura nyingine kabisa itakapojitokeza.

Nianze na Cairo, Juni 27, 2019, dhidi ya jirani zetu Kenya. Simon Msuva alifunga dakika ya 6. Kenya wakasawazisha dakika ya 39 kupitia kwa Michael Olunga, na kabla hata mashabiki wao hawajamaliza kushangilia, dakika ya 40, Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Naomba msomaji aizingatie dakika hiyo moja. Timu ambayo kwa zaidi ya nusu saa ilikuwa ikilinda bao lake kwa wasiwasi iliweza, mara tu ilipofungwa, kupanda na watu wa kutosha na kufunga ndani ya sekunde sitini hivi. Uwezo ulikuwepo muda wote huo, ila haukuitwa. Kipindi cha pili tukarudi kulekule kwenye kulinda, Kenya wakafunga mara mbili, na mechi tuliyoiongoza mara mbili ikaisha kwa 3-2 dhidi yetu.

Hata hivyo, mechi inayoninyima usingizi hadi leo ni ile ya San Pedro, Ivory Coast, Januari 21, 2024, dhidi ya Zambia. Msuva alifunga dakika ya 11 baada ya kupewa pasi na Samatta, kwa mbinu ambayo ingetosha kuwa mpango wetu wa kudumu: Samatta anashuka kupokea mpira, beki anamfuata, Msuva anaingia katika nafasi iliyoachwa wazi. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi nyekundu. Tulikwenda mapumziko tukiwa na bao moja, mchezaji mmoja zaidi, na dakika 45 mbele yetu za kupata ushindi wa kwanza wa Tanzania katika historia ya fainali hizo.

Kila mtu aliyewahi kuufundisha mpira, hata wa shule ya msingi, anajua kwamba ukiwa na watu kumi na mmoja dhidi ya kumi unautanua uwanja. Unaupeleka mpira kushoto, unauvuta hadi kulia, unaurudisha tena kushoto, mpaka wale kumi wachoke kukimbia na ubavu mmoja ubaki na mtu mmoja dhidi ya wenu wawili. Sisi tulifanya kinyume chake. Tuliusogeza mstari wetu wa ulinzi nyuma mpaka karibu na mlango wetu, tukawaachia Zambia mpira, na kila tulipounyakua tuliubutua mbele kwa Samatta, ambaye wakati huo alikuwa amebaki peke yake katikati ya mabeki wawili, kama abiria anayesubiri daladala kwenye kituo kilichohamishwa. Mpira uliobutuliwa haukai mbele, bali hurudi, na ukirudi mara kumi lazima mara moja uzae faulo au kona. Dakika ya 88 ikazaa kona. Akaipiga Clatous Chama, kiungo wa Zambia ambaye uzuri wa mguu wake tulikuwa tukiuona kila wiki akiwa na jezi ya Simba, na Patson Daka akaunganisha kwa kichwa. Sare ya 1-1, dhidi ya watu kumi.

Nimeshasikia utetezi wa usiku ule, na sehemu yake ni ya haki. Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa kauli zake kuhusu Morocco, timu ilikuwa imetoka kufungwa 3-0 na Morocco haohao siku nne kabla, na Hemed Suleiman alikabidhiwa kikosi ghafla katikati ya mashindano. Mtu aliyekabidhiwa chombo kikiwa tayari kwenye mawimbi halaumiwi kwa kila kitu. Lakini utetezi huo unaeleza wasiwasi tu. Hauelezi kwa nini wasiwasi wetu siku zote huchukua sura ileile ya kurudi nyuma na kubutua.

Halafu ikaja Korhogo, siku tatu baadaye, dhidi ya DR Congo. Hesabu ya kundi ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mtoto angeifanya: tukishinda, kwa bao lolote, tunapita. Sare ilikuwa sawa na kufungwa. Mechi ikaisha 0-0. Nilitarajia kuona timu inayocheza dakika ishirini za mwisho kama watu wasio na cha kupoteza, mabeki wa pembeni wakiwa juu kama mawinga, viungo wakiingia ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti la wapinzani. Badala yake nikaona timu inayopiga pasi kwa uangalifu mkubwa katika nusu yake yenyewe, kana kwamba pointi moja ilikuwa na thamani. Kwa kuwa hakuna aliyetufunga, hakuna aliyetushtua. DR Congo wakapita kwa sare zao tatu na kwenda hadi nusu fainali, nasi tukarudi nyumbani tukiwa wa mwisho kwenye kundi. Tungelilinda bao letu dhidi ya Zambia kwa kumiliki mpira siku ile, au tungefunga bao moja tu Korhogo, nafasi ya pili ilikuwa yetu.

Katika fainali za 2025 benchi lilikuwa la Miguel Gamondi, mwalimu ambaye mashabiki wa Yanga wanamkumbuka kwa kandanda la kushambulia, na kwa hiyo nilikuwa na matumaini mapya. Dhidi ya Nigeria tulifungwa kwanza, tukarudi kutoka mapumziko tukishambulia, na Charles M'Mombwa akasawazisha dakika ya 50. Bao lile lilikuwa tamu, lakini dakika mbili baadaye tulikuwa nyuma tena. Dhidi ya Uganda tulitangulia kwa penalti ya Msuva, tukarudi nyuma kama kawaida yetu, wakasawazisha dakika ya 80, na kama si penalti waliyoikosa mwishoni tungepoteza kabisa. Dhidi ya Tunisia tulifungwa kwanza, na mara tu baada ya mapumziko Feisal Salum akasawazisha. Sare hizo mbili zikatosha kutuvusha hadi hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza, jambo ambalo nililishangilia kama kila mtu, kabla ya Morocco kututoa kwa bao 1-0.

Msomaji ataona mwenendo. Nyuma dhidi ya Nigeria, tunafunga. Nyuma dhidi ya Tunisia, tunafunga. Mbele dhidi ya Uganda, tunalala. Nikiongeza mechi ya kufuzu ya Septemba 2024, tulipokuwa nyuma dhidi ya Guinea kule Yamoussoukro kisha Feisal na Mudathir Yahya wakafunga na kuipa Stars ushindi wa 2-1, sioni tena namna ya kudai kwamba wachezaji hawa hawajui kushambulia.

Ili nisionekane ninasema kwa jumla tu, nieleze shambulizi letu linavyokwenda tukiwa tunaongoza. Beki wa kati anapokea mpira kutoka kwa kipa na kumpa beki wa pembeni. Beki wa pembeni anainua kichwa. Winga wake, aliyeagizwa kukaba kwanza, yuko mita chache tu mbele yake akiwa amempa mgongo mpinzani, kwa hiyo hakuna njia hapo. Kiungo aliyepaswa kuja kuomba mpira amesimama mbele ya mabeki wa kati akiwalinda. Kwa hiyo mpira unarudi kwa beki wa kati, beki wa kati anamrudishia kipa, uwanja mzima unapiga mluzi, na kipa anaupiga mrefu. Katika pasi zote hizo hakuna hata moja iliyomsogeza mpinzani hatua moja. Kisha tunasema mshambuliaji hakufanya kitu, wakati mshambuliaji mwenyewe amegusa mpira mara chache kuliko mwokota mipira.

Kuhusu mshambuliaji huyo, kumbukumbu zetu ni fupi mno. Samatta ndiye aliyekuwa mmoja wa vinara wa ufungaji wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe, ndiye aliyefunga mabao 23 ya ligi Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, ndiye aliyeifunga Liverpool pale Anfield kwa kichwa kutoka kwenye kona, na ndiye aliyeifungia Aston Villa dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Machi 2020. Bao la Wembley lirudiwe kutazamwa: Anwar El Ghazi anapiga krosi, na Samatta anajirusha kuifuata kwa kichwa. Ile krosi ilipigwa na mtu aliyepewa kazi ya kupiga krosi, kwenda mahali ambapo mpigaji na mpokeaji walikuwa wanapajua. Mtu wa namna hiyo hasahau kufunga kwa kuvaa jezi ya taifa. Anakosa wa kumletea.

Na hapa klabu zetu zina sehemu yao. Simba na Yanga kwa miaka kadhaa zimewakabidhi wageni kazi ya kutengeneza mabao: Chama, Stephane Aziz Ki, Pacome Zouzoua, Jean Charles Ahoua. Ni wachezaji wazuri na siwaonei gere. Lakini matokeo yake ni kwamba Mtanzania anayecheza katika timu hizo mara nyingi ni beki wa pembeni, kiungo mkabaji au kipa, na akija Stars anakuja na mazoea ya kumpa mpira mtu mwingine afikiri. Haishangazi kwamba kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, mabao yetu mawili kati ya matano yalifungwa na mabeki wa pembeni, Mohamed Hussein na Shomari Kapombe. Wao walau wamezoea kufika kwenye eneo la hatari. Feisal ni tofauti, kwani pale klabu ya Azam yeye ndiye aliyekuwa akifikiri, na mabao yake 19 ya msimu wa 2023/24, mawili tu nyuma ya Aziz Ki, hayakuja kwa bahati.

Sidai mpira wa kujitoa mhanga. Dhidi ya Morocco, ambao mwaka 2022 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kukaa nyuma ni akili na si woga. Ninachodai ni kwamba tukiwa mbele dhidi ya timu ya kiwango chetu, kiungo mmoja aachiwe uhuru wa kusogea karibu na Samatta au yeyote atakayemrithi, winga wa upande wa pili asishuke kupita mstari wa kati, na mpira ukinyakuliwa pasi ya kwanza iende kwa mtu, isiende angani. Hayo si mambo ya kununua wala ya kusubiri kizazi kijacho. Yanafundishika katika kambi ya wiki moja.

Fainali za 2027 zimepangwa kuchezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Nikijaliwa nitakuwa jukwaani kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, na sitahangaika sana na orodha ya wanaoanza. Tukitangulia kwa bao moja na saa ikafika dakika ya 65, nitalitazama benchi kuona nani anaambiwa avue jaketi la mazoezi, beki wa kati wa tatu au winga.