Nilivyonunua Benzi kwa bei ya IST hapa Mwanza

Zunguka yadi na madalali wa Mwanza, uliza bei ya Toyota IST iliyotunzwa vizuri, kisha uliza Mercedes E350 ya 2008. Ukiwa na subira bei zinalingana, na kuna siku Benzi ndilo la chini. IST inashika bei kwa sababu spea zake ziko kila duka kuanzia Kirumba hadi Igoma, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifungua. Benzi la V6 lita 3.5 linaogopwa. Mwenye nalo akiona taa ya injini imewaka, anamtafuta dalali kabla hajamtafuta fundi.

Mimi nilikuwa na milioni 18 na nilitaka gari la kwenda nalo Musoma na Shinyanga bila kuumia mgongo. Nikajiwekea mpaka: gari lenyewe lisizidi milioni 13, zinazobaki ni za gereji, na zikae benki zisiguswe.

Kuagiza Japani nilipiga hesabu yake kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, nikaachana nako. Injini inayozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10, gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na hapo hujagusa ushuru wa forodha wa asilimia 25 wala VAT ya asilimia 18. Ukinunua lililokwisha kusajiliwa nchini, mzigo huo ameshaubeba mwenzako zamani, na hawezi kuudai kwako kwenye bei kwa sababu hakuna atakayemlipa. Kwa mtazamo wangu faida ya gari la kifahari lililoporomoka bei iko hapo zaidi.

Baada ya hapo ikawa ni kuchagua ugonjwa. E-Class ya W211, kizazi cha hiyo E350, iliyotengenezwa 2002 hadi 2009, kila kipindi kina maradhi yake. Zilizotoka kabla ya katikati ya 2006 zina breki za SBC zinazotumia umeme. Pampu yake inahesabu kila unapokanyaga, na hesabu ikifika kikomo dashibodi inakuwekea onyo jekundu. Pampu hiyo kwa Mwanza sahau. Zilizofuata zilirudi kwenye breki za kawaida, lakini injini zake za M272, ndizo hizo V6, za mwanzo zina gia ya shafti ya mizani yenye chuma dhaifu. Meno yanalika, na kuibadilisha ni lazima injini ishushwe. Kiwanda kilikuja kurekebisha: kwa M272, tarakimu sita za mwisho za namba ya injini zikizidi 468993, gia ni ile imara. Basi mimi nikawa natafuta E350 ya kuanzia 2008, yenye springi za chuma na si mifuko ya hewa, na namba ya injini iliyovuka hapo.

Dalali wa kwanza aliniletea "E350" safi, rangi inameremeta. Nikasoma namba ya chesisi. E350 sedani ya aina hii huanza na WDB211056. Hiyo yake ilikuwa na 211041, yaani E200 Kompressor iliyobandikwa nembo nyuma.

"Bosi, injini ni injini tu," akaniambia. Nikamnunulia soda, tukaachana vizuri.

Lililokuja kuwa langu nililikuta kwa mzee mmoja mstaafu, Capri Point. Namba ya usajili ya herufi D, ndani ngozi nzima, taa ya injini inawaka, na alikuwa anataka milioni 17. Jioni nikampigia simu kumwomba kesho yake asiliwashe mpaka nifike. Saa kumi na mbili asubuhi nikawa getini na fundi wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sijaligusa, kama ulivyosema."

Kabla ya lolote nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi kabisa. Cheni na adjasta za kamshafti zikichoka hukwaruza sekunde chache tu za mwanzo, injini ikiwa imelala usiku kucha, na muuzaji mjanja hulichemsha gari kabla hujafika. Likawaka, likatulia. Tukainua zulia la buti, maana betri kubwa ya W211 iko huko nyuma na mipira ya taa ikichoka maji huingia kimyakimya. Pakavu. Fundi akalala chini na tochi mpaka akaisoma namba ya injini. Ilikuwa imevuka.

Kisha tukachomeka chini ya usukani kidude cha OBD, kinachosoma hitilafu za injini na kuzituma kwenye simu. Simu ikaonyesha kodi ya hitilafu P2006. Sikushtuka, hiyo nilikuwa nimeshaisoma. Ndani ya manifoldi ya M272, inayopitisha hewa kuingia kwenye injini, kuna vibao vinavyoongoza hewa, na vinavutwa na kijiti cha plastiki kisichozidi kidole cha mwisho. Plastiki ikikaa na joto miaka mingi inakatika, taa inawaka, gari linapungukiwa nguvu ya kuondokea, basi. Fundi alipofunua kava ya juu na kumulika, kipande kilikuwa kimening'inia.

Gereji moja ilikuwa imemwambia mzee abadilishe injini nzima. Sikuona sababu ya kumficha, nikamwonyesha kile kijiti. Akakitazama, akacheka.

"Mwanangu, hata kama ni kijiti, mimi nimechoka. Toa pesa uondoke nalo."

Hatukuondoka hapohapo. Tulilipandisha mlima wa Bugando na AC ikiwa imewashwa, tukashuka, tukapanda tena, halafu tukalipeleka Mabatini kwenye foleni. Gari linalochemsha haliwezi kuficha pale. Mshale wa joto haukusogea, ila gia ya pili kwenda ya tatu ilikuwa inashtuka. Hilo likanisaidia kufika kwenye milioni 13.

Makaratasi hayakunisumbua: kuangalia deni la faini za trafiki mtandaoni kwa namba ya gari, mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, TRA kubadilisha umiliki.

Wenzangu wanapenda kuuliza spea nazitoa wapi. Kila spea ya Mercedes ina namba inayoanza na A na tarakimu kumi. Ninaipiga picha, naituma WhatsApp kwa watu wa Gerezani pale Dar, na kwa kijana mmoja wa soko la Kisekka, Kampala, kisha nasubiri bei. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatulazimiki kuitegemea Dar peke yake. Kampala tunaifikia kwa Mutukula, Nairobi kwa Sirari, na mabasi yanabeba mizigo. Kijiti cha plastiki nilikibadilisha kwa seti ya matengenezo yenye mkono wa chuma kutoka Dar, iliyogharimu kidogo sana ukilinganisha na injini nzima. Bushi za mbele na mikono yake zilitoka Kampala.

Kwenye gia boksi nilikuwa mkali. Hii ya gia saba haina kijiti cha kupimia oili. Kiwango hupimwa gari likiwaka na oili ikiwa na joto la nyuzi 45 hivi, na joto hilo unalisoma kwa mashine. Fundi asiye na mashine anajaza kwa kukisia. Tulimwaga oili, tukabadilisha filta, pamoja na plagi ya umeme inayoingia kwenye gia boksi, ambayo mpira wake ukichoka huvujisha oili. Ule mshtuko ukapungua sana. Gereji ilikula milioni nne na kitu katika zile tano.

Linakula, sikatai. Mjini ni kama kilometa 7 kwa lita, na oili ya injini ni lita 8 yenye alama ya 229.5, kibali cha Mercedes, mgongoni mwa chupa, wakati IST haifikishi hata 4. Mawe ya huku kwetu Nyegezi yanazimaliza bushi mapema, nimeshaliweka hilo kwenye hesabu za mwaka. Ila ukitoka Magu kwenda Lamadi na Bunda, likiwa gia ya saba, unaongea na abiria kwa sauti ya sebuleni.

Tangu watu walione, kila wiki kuna anayenitumia picha ya Range Rover la 2006 la bei ya mteremko. Huwa namwomba kwanza aniletee bei ya kompresa ya hewa na mifuko yake minne, mpya, ikiwa imefika Mwanza. Wengi hawarudi. Mmoja alirudi na bei zote kwenye daftari, pamoja na nauli ya basi, na Jumamosi tunakwenda kuliangalia hilo gari Pasiansi, saa kumi na mbili asubuhi, likiwa baridi.