Waridi za Port Sunlight
Leo nimetembea Port Sunlight, ng'ambo ya mto ukitokea Liverpool. William Lever alianza kukijenga kijiji hiki mwaka 1888 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha sabuni. Nyumba zaidi ya 800, wasanifu karibu 30, kila safu na sura yake! Kuna dohani za matofali zilizosokotwa kama kamba. Nimezikodolea macho mpaka shingo ikauma. Bustani za mbele zilitunzwa na kampuni, na wakazi walipata vishamba vya mboga.

Ila nilipoinama kunusa waridi nikakumbuka mawese, mafuta ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1911 Lever huyohuyo alipewa ardhi Kongo, akaanzisha Leverville, sasa Lusanga. Huko watu walilazimishwa kukwea michikichi kukata mikungu. Roho imeniuma sana.