Kwenda Geelong siku ya fainali

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 24 Septemba 2022, stesheni ya Southern Cross mjini Melbourne ilikuwa imefurika bluu na nyeupe. Kila treni iliyoingia kutoka Geelong ilimwaga watu: wazee wenye skafu za mistari, watoto waliopakwa rangi usoni. Wote walikuwa wakielekea uwanja wa MCG, kwenye fainali ya mpira wa Kiaustralia kati ya Geelong na Sydney. Mimi sikuwa na tiketi. Nikapanda treni hizo hizo zikirudi zilikotoka, na behewani tulikuwa watu wanne.

Ni mwendo wa saa moja hivi. Ukishaviacha vitongoji vya magharibi unapita tambarare ya majani, kisha vilima vya You Yangs vinachomoza upande wa kulia, halafu Lara, halafu ghuba ya Corio.

Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja wa Mombasa aliyeolewa huko. Akanipokea stesheni akicheka. "Mdogo wangu, wenye mji wamehamia Melbourne, wewe ndiyo unakuja?"

"Nimekuja kuwaona waliobaki, dada."

Tukatembea hadi Kardinia Park, uwanja wa nyumbani wa klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1859. Mageti yalikuwa yamefungwa. Lakini njia nzima, kwenye vioo vya maduka na nyuma ya fulana za watoto, niliikuta namba moja ikijirudia: 14. Ni namba ya Joel Selwood, nahodha.

Nimekulia Tanga, na neno hilo kwetu ni la baharini kabla ya kuwa la mpira. Nahodha wa jahazi hukaa nyuma, karibu na usukani, akasoma upepo na kutoa amri. Selwood alikuwa nahodha wa namna nyingine. Katika mchezo huu timu ina watu 18 uwanjani, mpira ni wa umbo la yai, na ukidondoka chini wanaufuata watu wanne au watano kwa kasi moja. Yeye alitanguliza kichwa. Sheria humtoa nje mchezaji anayevuja damu mpaka afungwe, kwa hiyo picha zake nyingi ni za bandeji iliyozungushiwa paji la uso, naye anarudi mbio uwanjani. Wapo waliomlaumu kwamba hujishusha makusudi ili akabwe shingoni apewe faulo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini mtu hawezi kuigiza miaka 16 ya kuwa wa kwanza kuufikia mpira.

Mama mkwe wa dada alitungoja na chai. Bibi huyu aliiona Geelong ikichukua ubingwa mwaka 1963, kisha akangoja miaka 44. Mwaka 2007 walipoifunga Port Adelaide kwa tofauti ya pointi 119, kubwa kuliko zote katika historia ya fainali hizo, Selwood alikuwa kijana wa miaka 19 katika msimu wake wa kwanza. Akachukua tena 2009 na 2011. Lakini makombe yale mawili ya mwanzo nahodha alikuwa Tom Harley, na la tatu Cameron Ling. Selwood alikabidhiwa timu mwaka 2012, na tangu hapo kila mwaka ulikwisha mikono mitupu. Mwaka 2020 walifika fainali wakafungwa na Richmond. Na sasa, katika msimu wake wa 11 wa unahodha, upande wa pili Mtendaji Mkuu wa Sydney alikuwa Tom Harley yule yule.

Runinga ikawashwa. Selwood akaingia uwanjani amembeba mtoto mdogo, mwana wa Gary Ablett aliyecheza naye zamani, mtoto anayeishi na maradhi mazito. Bibi akashika kikombe chake kwa mikono miwili, hakunywa.

Mechi yenyewe haikuwa na mashaka. Robo ya kwanza tu Sydney walikuwa wameachwa mbali. Goli lina pointi sita, na Geelong waliyafunga 20. Nilichokuja kukiona kilitokea robo ya mwisho: Selwood aliupata mpira, akapiga, ukapita katikati ya milingoti mirefu. Wenzake wakamrukia kutoka kila upande. Bibi akasimama. Sijui aliwezaje kusimama haraka vile, maana asubuhi dada alimshika mkono kumtoa jikoni. Ikaisha 133 kwa 52.

Jioni nilirudi Melbourne, tena kinyume na watu. Treni zilizopishana na yangu zilikuwa zimejaa nyimbo.

Siku nne baadaye Selwood, mwenye umri wa miaka 34, alitangaza kustaafu: mechi 355, kati yake 245 akiwa nahodha, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika ligi hiyo. Usiku dada akanipigia simu.

"Mama anakusalimu. Kashinda kimya leo. Amesema nikwambie mechi ya mwisho ya Selwood uliitazama ukiwa Geelong, tena sebuleni kwake."