Jioni na mwakilishi wetu, Minneapolis

Jana jioni nilikwenda maktaba ya mtaani kumsikiliza mwakilishi wetu katika Bunge la jimbo la Minnesota. Alieleza sheria ya likizo ya familia yenye malipo, iliyoanza 1 Januari 2026: hadi wiki 12 za kulea mtoto mchanga au kuuguza ndugu, na hadi 12 ukiugua mwenyewe, ila jumla isizidi 20 kwa mwaka.

Jamani, nilipojifungua kifungua mimba wangu nilirudi kazini siku ya 18, mshono bado unauma! Machozi yalinitoka palepale.



Dada zangu mnaofanya usafi na kutunza wazee, ulizieni haki hii. Hata anayefanya kazi saa chache anaweza kustahili.