Majina Yanayofuata Kwenye Orodha Yangu ya Vyuo Vikuu

Orodha yangu ina vyuo vitatu ambavyo sitaviondoa: MIT, Princeton na Cambridge. Nimekuwa nikizitamani idara zao za hisabati tangu nilipoanza kulipenda somo hili, na matokeo yangu ya mitihani yananiruhusu kuomba bila woga. Kinachonishughulisha sasa ni majina yatakayofuata, na kadiri ninavyotafakari ndivyo ninavyoona kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa vyuo vile nilivipenda kabla ya kuvichunguza, ilhali hivi vya kuongeza havina budi kuchaguliwa kwa akili tulivu.

Ushauri ninaoupata kila upande ni kwamba niongeze vyuo vya aina ileile, yaani Harvard, Yale, Stanford na wenzao, kwa hoja kwamba mwanafunzi mwenye alama za juu akiomba vingi hatakosa kimoja. Leo jioni nimeipima hoja hiyo kwa hesabu. Tuseme kila chuo kinapokea waombaji 5 katika kila 100, na uamuzi wa kimoja hauna uhusiano wowote na uamuzi wa kingine. Anayeomba vyuo 5 ana uwezekano wa takriban asilimia 23 wa kupokewa na angalau kimoja, na akiomba 10 uwezekano huo unafika asilimia 40 tu. Maana yake ni kwamba mwenye maombi 10 ya namna hiyo bado anaelekea zaidi kukosa vyote. Najua mwanafunzi hodari ana nafasi nzuri kuliko wastani, lakini sehemu kubwa ya wanaoomba vyuo hivyo ni hodari pia. Isitoshe, maamuzi hayo hayatengani kama hesabu yangu inavyodhani: matokeo ni yaleyale, barua za walimu ni zilezile, na upungufu atakaouona msomaji wa chuo kimoja huenda akauona na wa chuo cha pili.

Tena kila jina linaloongezwa linadai muda. Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja, inamruhusu mwombaji kutuma maombi kwenye vyuo hadi 20, lakini vyuo vingi vyenye ushindani mkali vina maswali yao ya ziada, na MIT ina fomu yake yenyewe. Siamini kwamba mtu anaweza kueleza kwa moyo mmoja, mara 20, kwa nini anakitaka chuo fulani.

Mfumo wa Uingereza ndio ulionifungua macho zaidi. UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko, inatoa nafasi za kuomba 5, na mtu haruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja, kwa hiyo baada ya Cambridge, ambayo tarehe yake ya mwisho ni 15 Oktoba, ninabaki na nafasi 4. Maelezo ya mwombaji, ambayo tangu udahili wa mwaka 2026 huandikwa kwa kujibu maswali matatu, husomwa na vyuo vyote alivyochagua. Hivyo anayeomba somo moja kote hahitaji kuandika upya kwa kila jina. Uzito unakuja baadaye. Mwombaji aliyepewa nafasi zenye masharti, yaani atakazozipata akifikisha alama fulani, hubakiza mbili tu, chaguo la kwanza na chaguo la akiba, na Cambridge kwa kawaida humtaka mwanafunzi wa hisabati afaulu vizuri STEP, mtihani wa ziada wa hisabati, pamoja na mitihani yake ya shule. Chaguo la akiba lenye masharti magumu kama ya kwanza si akiba. Kati ya nafasi hizo 4, moja nimeipa Edinburgh: shahada ya Uskoti huchukua miaka 4, na miaka ya mwanzo ina nafasi ya kusoma masomo mengine kando ya somo kuu, jambo linalonifaa mimi ninayeipenda fizikia karibu sawa na hisabati.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo mama amekuwa akilirudia kwa haki kabisa: wakikupokea, nani atalipa? Princeton na MIT haziangalii uwezo wa kulipa zinapoamua kumpokea mwombaji, hata akiwa anatoka nchi nyingine, na zikishampokea humsaidia kulingana na mahitaji yake. Vyuo vingi vya Marekani havifanyi hivyo kwa wageni; uwezo wa familia huingia katika uamuzi. Hapo ndipo Amherst, chuo kidogo cha Marekani, ilipopanda juu kwenye orodha yangu, kwa kuwa ina utaratibu uleule wa Princeton na MIT, na mwanafunzi wake hupanga masomo yake kwa uhuru mkubwa. Kwa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ninategemea ufadhili wa Lester B. Pearson, ambao hugharamia ada, vitabu na malazi kwa miaka 4, lakini lazima shule impendekeze mwanafunzi kwanza, na kila shule hupendekeza mmoja tu.

Jina la mwisho ni chuo kikuu cha umma cha nchini kwetu, kinachodahili kwa kuangalia matokeo ya mitihani. Wapo wanaokitaja kana kwamba ni pa kuangukia walioshindwa, na maneno hayo yananikera. Nimeusoma mtaala wake wa hisabati kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na nikajiuliza kama ningekwenda huko kwa furaha endapo vingine vyote vingenikataa. Jibu langu ni ndiyo. Swali hilohilo nililiuliza kuhusu chuo kimoja maarufu nilichokuwa nimekiandika kwa sababu ya jina lake tu. Sikupata jibu, nikakifuta.

Nafasi 3 za UCAS bado ziko wazi, na sioni sababu ya kuzijaza kabla sijasoma masharti ya kila kozi kwa makini. La haraka ni Toronto, kwa sababu shule huteua mapema. Kesho asubuhi nitakwenda kwa mwalimu mkuu kumwomba alifikirie jina langu, nikiwa na matokeo yangu mkononi.