Nilivyozimudu famakolojia na hesabu za dawa mpaka nikawa mfamasia

Wadogo zangu mliomaliza form six mnaniuliza sana famasi inasomeka au haisomeki. Inasomeka. Ila kilichonitoa jasho mimi sio kemia, ile ukitoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ushaizoea, ni famakolojia, yaani somo la dawa zinavyofanya kazi mwilini, na hesabu.

Mimi natokea Songea, na kwetu Ruvuma ndo maduka ya dawa muhimu yalikoanzia mwaka 2003, shangazi yangu analo moja kwa hiyo nimekua nazijua dawa kwa boksi na rangi ya vidonge, nikajiona nipo vizuri. Nafika chuo cha Muhimbili nakuta dawa haiitwi kwa boksi, inaitwa kwa jina lake halisi, na sio moja ni mamia, halafu mwalimu anataka useme inafanyaje kazi, inatokaje mwilini, inagombana na ipi. Ukipiga msuli kwa kukariri desa, ukifika dawa ya hamsini ya kwanza ishasahaulika zamani.

Nikaanza kuzisoma kwa koo, yaani familia za dawa. Captopril, enalapril, lisinopril, zote zinaishia na pril, zote za presha, zinazuia kimeng'enya kilekile. Losartan na telmisartan ni ukoo mwingine, atenolol na propranolol mwingine. Ni kama kwetu ukisikia mtu anaitwa Gama au Komba huulizi kwao wapi. Kila ukoo nikaupa ukurasa wake, inafanya nini, madhara yake, nani asipewe. Ukurasa wa olol nikaandika kwa wino mwekundu PUMU, maana dawa kama propranolol inaweza kumbana mtu njia ya hewa. Hapo dawa mpya ikija unaiangalia mkia tu, nusu ya kazi imeisha.

Hesabu nazo zilikubali nilipoacha fomula nikachukua vitu vya kushika. Jik ya 3.5% unataka iwe 0.5% ya kusafishia wodi, gawanya unapata 7, toa 1, basi kipimo kimoja cha Jik kwa sita vya maji. Mtoto kaandikiwa miligramu 250, dawa ya maji ina 125 kwenye mililita 5, ni mililita 10, mama mpe sirinji umwonyeshe mstari maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mwaka 2020 nikiwa intani, yaani mhitimu wa mafunzo kazini, tulichanganya vitakasa mikono kwa fomula ya WHO, lita 10 unaweka mililita 8333 za ethanoli ya 96%, 417 za haidrojeni peroksaidi ya 3%, 145 za gliseroli, unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa, na kwa kweli ule mchanganyo ulinifundisha kuliko semista nzima.

Intanshipu ni mwaka mmoja baada ya miaka minne ya chuo, na ndo utamu wenyewe ulipo. Kuna mzee alikuja dirishani, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nipe dawa nyingine ya kikohozi hizi zote hazinisaidii. Kikohozi kikavu, homa hana, makohozi hana, nikamwomba kadi yake ya kliniki ya presha, enalapril hiyo hapo! Ule ukoo wa pril unajulikana kwa kikohozi. Nikamwita mfamasia aliyekuwa ananisimamia, akaongea na daktari, mzee akahamishiwa losartan. Aliporudi kliniki kikohozi hana, ila akaanza kulalamika magoti.

Ukimaliza hapo unaenda kusajiliwa na Baraza la Famasi, bila hilo digrii yako haikuruhusu kufanya kazi kama mfamasia. Na nyie wa diploma mnaotaka kuunga digrii msituogope sisi wa form six, mnakuja mshachanganya na kutoa dawa kwa mikono yenu, darasani kwetu wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, waliotoka diploma ndo tulikuwa tunawagombania kwenye diskasheni.