Nilivyoisimulia Safari ya José Antonio Camacho kwa Nusu Saa

Redio yetu ina kipindi cha jioni kinachosimulia maisha ya wanasoka wa zamani, na zamu yangu ilipofika nilimchagua José Antonio Camacho, beki wa kushoto wa Real Madrid ambaye baadaye aliifundisha timu ya taifa ya Hispania. Habari zake ni nyingi kupita kiasi. Alidumu miaka 16 katika klabu moja, kisha akazunguka na ukocha kuanzia Hispania hadi Ureno, China na Gabon, na kama ningeyasoma yote hayo kwa mfuatano wa miaka, msikilizaji angechoka kabla hatujafika katikati.

Niliamua kwa hiyo kuyapanga yote kulizunguka swali moja: ilikuwaje mchezaji mwenye subira ya namna ile akawa kocha mwepesi wa kubwaga manyanga? Alitoka Albacete akajiunga na Real Madrid mwaka 1973, akiwa kijana wa miaka 18, akaondoka mwaka 1989 akiwa na mataji tisa ya ligi na mawili ya Kombe la UEFA. Mwezi Januari 1978 aliumia goti vibaya, akalikosa Kombe la Dunia la Argentina na kukaa nje kwa takribani miaka miwili, katika zama ambazo jeraha la aina hiyo lilitosha kummaliza mchezaji. Alirudi uwanjani, na hadi anastaafu alikuwa ameichezea Hispania mara 81.

Akiwa kocha alizipandisha Rayo Vallecano mwaka 1992 na Espanyol mwaka 1994 hadi ligi kuu, lakini klabu yake mwenyewe ilipomwita mwaka 1998 alijiuzulu baada ya siku 22, kabla msimu haujaanza, kwa kutoelewana na uongozi kuhusu wasaidizi wake. Alirudi mwaka 2004, akakuta kikosi cha Zidane, Figo, Ronaldo, Raúl na Beckham, na mwezi Septemba akaondoka tena. Wengi humwita mtu wa hasira. Mimi naona ni yule yule beki wa zamani, asiyekubali kubaki mahali ambapo neno lake halisikiki, na ndivyo nilivyosema hewani.

Nilipopata uti huo wa mgongo, sehemu iliyonipa raha kuiandika ni robo fainali, kwa maana zinamwandama maisha yake yote. Katika Kombe la Dunia la 1986, kule Puebla, Mexico, alikuwa nahodha Hispania ilipotolewa na Ubelgiji kwa mikwaju ya penalti. Katika Kombe la Ulaya la 2000, mjini Bruges, Ubelgiji, akiwa sasa kocha wa Hispania, kikosi chake kilichokuwa kimeifunga Yugoslavia 4-3 kwa mabao mawili ya dakika za majeruhi kiliongozwa na Ufaransa 2-1, kikapata penalti mwishoni kabisa, na Raúl akaipaisha juu ya mwamba. Mendieta, aliyefunga penalti ya kwanza, alikuwa ameshatolewa na Camacho mwenyewe mapema katika kipindi cha pili.

Halafu ikaja robo fainali ya Kombe la Dunia la 2002 mjini Gwangju, dhidi ya wenyeji Korea Kusini. Niliirudia mechi hii mara nyingi kuliko nyingine zote, nikaichambua hewani kwa utaratibu: mwanzoni mwa muda wa ziada Joaquín anamtoka beki upande wa kulia, anapiga krosi akiwa karibu kabisa na mstari wa goli, Morientes anaunganisha kwa kichwa na mpira unaingia wavuni, lakini kibendera cha mwamuzi msaidizi kiko juu, kwa madai kwamba mpira ulikuwa umeshatoka nje. Picha za marudio zinaonyesha haukutoka. Kwa sheria ya goli la dhahabu iliyotumika wakati huo, mechi ingeishia hapo hapo. Badala yake ilimalizika 0-0, Joaquín akakosa penalti, na Camacho, aliyesimama mchana kutwa na shati lililolowa jasho kwapani, akajiuzulu muda mfupi baadaye.

Kwa kuwa nusu saa haitoshi, Sevilla na Osasuna niliziacha kabisa. Benfica ya Ureno niliipa sentensi chache, kwa sababu ya Kombe la Ureno la 2004 alilolitwaa mbele ya Porto ya Mourinho, na China nikaitaja kwa kipigo cha 5-1 kutoka kwa Thailand mwaka 2013, kilichomfukuzisha kazi. Mwaka 2010 sikuuruka: Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia Afrika Kusini yeye alikuwa mchambuzi wa televisheni, na sauti inayosikika ikimlilia Iniesta kwa furaha baada ya lile bao la fainali ni ya kwake.

Gabon niliitunza hadi mwisho, nikijua wasikilizaji wetu waliyafuatilia mashindano yale ya Afrika ya 2017 kwa ajili ya Uganda, iliyokuwa imerejea baada ya miaka 39. Camacho alikabidhiwa wenyeji wiki chache tu kabla ya ufunguzi. Walitoka sare 1-1 na Guinea-Bissau, 1-1 na Burkina Faso, mabao yote mawili yakiwa ya Aubameyang, kisha 0-0 na Cameroon, wakaaga mashindano nyumbani kwao bila kufungwa mechi hata moja.